Jicho la Muuguzi wa ICU Hufunzwa Kitandani pa Mgonjwa

Mgonjwa yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Monita iliyo juu ya kitanda inaonyesha presha 112 kwa 70, oksijeni kwenye damu asilimia 95, mapigo ya moyo 104. Hakuna alamu inayolia. Muuguzi aliyemaliza chuo mwaka jana anaziandika namba hizo kwenye chati na kwenda kwa mgonjwa wa pili. Mwenzake, mwenye miaka mingi katika chumba hicho, anasimama akitazama kifua. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anapata 28, na chati ya saa mbili kabla ya hapo ilisema 18. Anagusa miguu, ni ya baridi. Anatazama mfuko wa mkojo, haujaongezeka kitu. Anamwita daktari papo hapo, kwa sababu mgonjwa huyu ama anavuja damu ndani ama maambukizi yamesambaa mwilini, na presha hiyo nzuri haitadumu.

Wauguzi hawa wamesoma vitabu vilevile, na wote wanajua kwamba mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ila mmoja wao ameshaona wagonjwa wengi wakianza hivi, kwa pumzi za haraka na miguu ya baridi, huku mwili ukijikaza kuishikilia presha isianguke. Pumzi hubadilika mapema kuliko presha, na bado ndizo zinazopuuzwa zaidi, kwa kuwa katika wodi nyingi hakuna mashine ya kuzihesabu na mtu hulazimika kusimama dakika nzima. Ukikuta chati ambayo kila mgonjwa anapumua mara 20 asubuhi, mchana na usiku, ujue hakuna aliyehesabu.

Jicho la namna hii linapatikanaje? Historia ya huduma ya wagonjwa mahututi yenyewe inatoa jibu. Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen, Denmark, na wagonjwa wengi wakapooza misuli ya kupumulia. Mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo, wawekewe mrija, kisha hewa isukumwe kwa mkono kwa kubana mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kuifanya kazi hiyo kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi. Walijifunza wakiwa kazini, wakimtazama mgonjwa usoni ili wajue kama hewa inamtosha au waubane mfuko zaidi. Vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwezi Desemba 1953 Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa aina hiyo, kinachohesabiwa kuwa ICU ya kwanza duniani.

Miaka 30 baadaye, Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza vizuri kuliko wengi jinsi muuguzi anavyokomaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 alichukua nadharia ya ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliochunguza wacheza sataranji na marubani, akaipima kwa wauguzi. Akaona hatua 5, kuanzia mgeni anayefuata kanuni neno kwa neno hadi bingwa anayeitambua hali nzima kwa mara moja. Jambo ninalotamani kila hospitali ilisome katika kazi ya Benner ni hili: muuguzi anayeingia mahali ambapo hana uzoefu hurudi hatua ya mwanzo, hata kama ametumikia miaka 15 kwingineko. Mkunga hodari akihamishiwa ICU kwa barua ya leo, kesho asubuhi yeye ni mgeni. Kumkabidhi wagonjwa wawili wa mashine ya kupumulia kwa sababu ni mzoefu ni kumwonea yeye na kuwahatarisha wagonjwa.

Chukua kazi moja tu, kufyonza makohozi kwenye mrija wa hewa. Kitabu kinasema mpe mgonjwa oksijeni ya kutosha kwanza, tumia mpira wa kufyonzea usiozidi nusu ya upana wa mrija, usifyonze zaidi ya sekunde 15. Hayo hukaririwa kwa muda mfupi. Lakini mpira ukishaingia, mgonjwa anakohoa na kukakamaa, oksijeni inashuka 93, 90, 86, na wakati mwingine moyo unapunguza mwendo ghafla kwa kuwa mshipa wa fahamu umeguswa. Hapo mkono wa mwanafunzi huganda. Anachohitaji ni muuguzi mlezi aliyesimama ubavuni mwake, anayefikiri kwa sauti: mapigo yanashuka, acha kufyonza, rudisha oksijeni, tusubiri. Bingwa asiyesema anachokiona hafundishi, hata kazi yake iwe safi namna gani. Na baada ya zamu wakae, hata kwa dakika 10, mwanafunzi aulizwe aliona nini kwanza, alidhani nini, na kwa nini alichelewa.

Kuna pia mambo ambayo mwanasesere wa mazoezi wa maabara ya chuo hawezi kuyafundisha kabisa. Mama anauliza kwa nini mikono ya mwanawe imefungwa kitandani. Muuguzi anapaswa kumweleza, kwa upole na bila kumdanganya, kwamba kijana akizinduka kidogo atauchomoa mrija unaompa hewa. Maneno hayo mwanafunzi huyapata kwa kumsikiliza mwingine akiyasema.

Kikwazo kikubwa kinajulikana na kila aliyewahi kupanga zamu. Wauguzi ni wachache, kwa hiyo mwanafunzi akifika anageuka mkono wa ziada: anatumwa maabara, anabadilisha mashuka, anajaza chati, na kitabu chake cha mazoezi kinapigwa sahihi siku ya mwisho. Amekaa ICU miezi miwili, lakini hajalezwa. Viwango vya huduma ya wagonjwa mahututi nchini Uingereza vinataka muuguzi mpya asihesabiwe katika idadi ya zamu kwa wiki zisizopungua 6. Yupo, anafanya kazi chini ya mlezi, ila hakuna mgonjwa anayemtegemea yeye peke yake. Najua hoja kwamba hatuna watu wa kutosha kufanya hivyo. Lakini ukimtupa mgeni kwenye kazi asiyoiweza, makosa yatakuja, naye ataomba uhamisho, na upungufu utabaki palepale.

Kwetu Afrika Mashariki mafunzo rasmi yapo. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na nchini Kenya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hutoa stashahada ya juu ya fani hiyo. Lakini wahitimu hao hawawezi kuwa kila mahali. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya hao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Kwa hiyo mazoezi ya ICU yana faida hata kwa muuguzi asiyekusudia kubaki huko, maana atarudi wodini na jicho la kumwona anayezidiwa.

Jicho hilo halihitaji mitambo ya gharama. Katika ICU ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulianzishwa utaratibu wa kuwapa wauguzi mafunzo na mwongozo mfupi: ukiona dalili ya hatari katika pumzi, presha, mapigo au fahamu, chukua hatua hii mara moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo kwa jumla havikubadilika sana, lakini kwa wagonjwa waliopokelewa wakiwa na presha ya chini vilishuka kutoka takriban asilimia 92 hadi 69. Hatua zenyewe ni za kawaida, kama dripu na oksijeni, zikitolewa kwa wakati.

Nawaomba wauguzi wakuu wanaopanga ratiba ya mwezi ujao: mwanafunzi akija ICU msimhesabu kwenye zamu, na jina la mlezi wake liandikwe kwenye ratiba hiyohiyo, akiwa amepunguziwa mgonjwa mmoja ili apate nafasi ya kufundisha. Mkishindwa kumpa mlezi, ni heri asije hadi atakapopatikana.