Alama ya wastani haitoshi kumwonyesha mzazi hali ya shule

MZAZI anayeshuka matatu katika soko la Khayega, kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kuelekea Kisumu, akitafuta shule ya msingi ya kumpeleka mwanawe, aghalabu huwa na swali moja tu: ni ipi yenye alama nzuri?

Swali hilo lina historia yake. Mtihani wa KCPE ulianza 1985 na kufikia tamati 2023. Katika miaka yake ya mwisho alama zilihesabiwa kati ya 500, na sifa ya shule nzima ikafungwa katika nambari moja, wastani wa watahiniwa wake.

Nambari hiyo ilificha mengi. Tuseme shule mbili jirani zilikuwa na watoto 60 kila moja katika Darasa la Saba. Ya kwanza ikawazuia 20 walioonekana wadhaifu, ama kwa kuwakaririsha darasa ama kwa kuwasajili kwingine, kisha 40 waliosalia wakapata wastani wa 310. Ya pili ikawapeleka wote 60 mtihanini na kupata 280. Wazazi wangekimbilia ya kwanza. Lakini iwapo wale 20 wangefanya mtihani na kupata 220 kila mmoja, wastani wa shule hiyo ungekuwa 280, sawasawa na wa jirani yake.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku kumzuia mtoto asiendelee na darasa linalofuata. Kwa hivyo, mzazi anapotajiwa wastani wowote, swali la kwanza liwe: ni wangapi waliofanya mtihani, na kundi hilo hilo lilikuwa na wangapi miaka mitatu iliyotangulia? Wakazi wa Khayega, ambako mchezo wa kupiganisha mafahali una mashabiki wengi, hawamsifu fahali kabla ya kujua amepambana na nani. Shule nayo yafaa kupimwa hivyo.

Chini ya Mtaala wa Umilisi, hesabu imebadilika. Tathmini ya Gredi ya Sita, KPSEA, ilifanywa mara ya kwanza 2022, na haikukusudiwa kumzuia yeyote kuingia Gredi ya Saba. Badala ya jumla ya alama, mtoto huwekwa katika mojawapo ya viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio au kuwa mbali na matarajio. Tathmini ya Gredi ya Tisa, KJSEA, iliyoanza 2025, imevigawa viwango hivyo mara mbili vikawa vinane. Mzazi anayetaka kuilinganisha shule na nyingine asitafute wastani ambao haupo tena. Aulize ni watoto wangapi wako katika kila kiwango, somo kwa somo, na kama idadi ya walio mbali na matarajio inapungua mwaka hadi mwaka.

Uwiano wa walimu nao unahitaji jicho pevu. Shule yenye wanafunzi 480 na walimu 12 hutajwa kuwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40. Huenda hata hivyo Gredi ya Kwanza ina watoto 90 katika chumba kimoja. Ni vyema pia kujua kama hesabu hiyo imewajumuisha walimu wa sekondari ya msingi wanaofundisha katika ua huo huo.

Takwimu yenye uzito mkubwa zaidi pengine ni ile ambayo wazazi hawaiulizi: idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Serikali hutoa fedha kwa kila kichwa. Kiwango rasmi cha shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, na cha sekondari ya msingi Sh15,042. Watoto 480 wa msingi ni sawa na Sh681,600, ingawa si zote lazima zionekane katika akaunti ya shule kwa kuwa wizara hununua vitabu vya kiada yenyewe. Jina la ziada huleta fedha za mtoto asiyekuwepo. Chini ya mfumo wa NEMIS, ulioanza 2017, mtoto ambaye hakuingizwa, mara nyingi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, alikalia dawati ambalo halikulipiwa.

Nchini Uganda, uchunguzi ulibaini kuwa kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 pekee ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa na kuzitaka shule zibandike matangazo ukutani. Kufikia 2001, kiwango kilichofika shuleni kilikuwa kimepita asilimia 80. Wataalamu wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti.

Mzazi wa Khayega hahitaji kusubiri gazeti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kuomba takwimu za shule ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ajibiwe ndani ya siku 21. Anaweza kuanza kwa mwalimu mkuu au mkutano wa wazazi. Asichoruhusiwa kudai ni matokeo ya mtoto wa mwenzake, yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji barua. Tangu 2009, watafiti wa Uwezo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili waisome. Mzazi aweza kufanya vivyo hivyo jioni mezani: ampe mtoto wa Gredi ya Nne kitabu cha Gredi ya Pili, anyamaze, asikilize.