Bei ya Boti na Thamani ya Boti

Katika biashara ya boti za matembezi hakuna hadaa kubwa kuliko mng'aro, kwani boti iliyoundwa kwa uangalifu na ile iliyoundwa kwa haraka zote mbili hutoka katika kalibu zikiwa laini na zenye kumetameta, na mnunuzi asimamaye dukani akipapasa ubavu hana njia ya kujua kwa kiganja chake ipi itakayodumu miaka thelathini na ipi itakayoanza kulegea baada ya misimu mitano.

Soko la Marekani latoa mfano ulio bayana. Mwaka 1958 Dick Fisher wa Massachusetts alitoa boti ya Boston Whaler yenye urefu wa futi 13, ambayo baina ya kuta zake mbili za faibaglasi ilijazwa povu gumu lisilozama, na mwaka 1961 gazeti la Life lilichapisha picha zake akiwa ameketi ndani ya boti hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, kisha akaondoka na nusu ya nyuma kwa nguvu za injini yake. Upande wa pili wa nchi, katika jimbo la Washington, Orin Edson wa Bayliner alishika njia nyingine: alitambua kwamba mtu wa kipato cha kati huogopa hesabu ya vitu vitatu, naye akamuuzia boti, injini na trela kwa bei moja iliyotangazwa wazi. Kampuni ya Brunswick, iliyokwisha kuimiliki Mercury ya injini tangu 1961, iliinunua Bayliner mwaka 1986 na Boston Whaler mwaka 1996, hata mahasimu hao wawili wakawa ni maduka mawili ya tajiri mmoja, ambaye kwa hakika hakuona sababu ya kuchagua baina yao. Wala mimi sioni kwamba boti rahisi ni boti ya hila. Mwenye kuitembeza ziwani mchana wa Jumamosi, maji yakiwa shwari, amepata alicholipia. Hila huanza pale boti hiyohiyo inapouzwa kwa mtu wa bahari kuu.

Tofauti ya kweli imo ndani ya ganda. Kuna waundaji wanaotandaza vitambaa vya nyuzi za kioo kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, wakisukuma utomvu kwa rola mpaka hewa itoke. Na kuna wanaonyunyiza nyuzi zilizokatwakatwa kwa bunduki ya upepo, kazi iliyo nyepesi na ya gharama ndogo, ambayo unene wake hutegemea utulivu wa mkono wa mnyunyizaji siku ile. Utomvu nao una daraja zake: ule wa poliesta hupenyeza maji polepole, na baada ya miaka ganda hutoka malengelenge chini ya rangi, ilhali wa vinilesta hustahimili zaidi. Lakini adui mkubwa, kwa maoni yangu, ni mbao zilizofichwa. Mataruma mengi ya boti za zamani, pamoja na ubao wa tezi unaobeba injini, ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na tundu moja la skrubu lisilozibwa latosha kuingiza maji yatakayouozesha ubao huo kimyakimya wakati nje bado kunang'aa. Kadhalika kiungo cha sitaha na ganda: palipofungwa kwa boliti na gundi pana nguvu nyingine kuliko palipopigwa skrubu tupu. Nyaya pia zisidharauliwe, kwani shaba isiyopakwa bati huliwa upesi na chumvi.

Wengine hupima ubora kwa uzito, lakini uzito si hoja timilifu, maana utomvu uliozidi huongeza uzito pasipo kuongeza nguvu. Kipimo kilicho wazi zaidi ni cha sheria ya Ulaya ya mwaka 1994, iliyozigawa boti kwa daraja A hadi D, na boti kuukuu nyingi zitokazo huko huwa na kibao kinachoonyesha daraja hiyo: daraja C ni kwa upepo wa nguvu ya sita na mawimbi ya hadi mita 2, daraja B kwa nguvu ya nane na mita 4. Anayekusudia kuvuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi akisome vyema, akikumbuka kwamba kibao chasema juu ya usanifu, wala hakisemi lolote juu ya miaka iliyopita.

Kwa kuwa boti mpya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka ya awali, aghalabu ni busara kununua boti kuukuu ya fundi mwema kuliko mpya ya fundi mwenye pupa. Injini nayo ichaguliwe kwa vipuri: Yamaha imeenea pwani yetu hata mafundi wa bandari ndogo wameizoea, na injini bora isiyo na vipuri ni pambo.

Basi, kabla ya kulipa, boti ipandishwe juu na mkaguzi wako mwenyewe, si wa muuzaji, aligonge ganda kwa nyundo ndogo, kwani penye uzima hulia na penye ubovu hutoa mlio mzito. Ifunuliwe mpaka ngama, kisha itiwe majini ikiwa na shehena kamili. Muuzaji akikataa lolote katika hayo, usimpe hata arbuni.