Nyama ya makaa kwa rojo la Kimeksiko, bila tone la pombe

Wiki hii tunawaletea wapenzi wa nyama ya kuchoma rojo la kupaka la namna ya Meksiko, ambamo utamu, uchachu na ukali hukutana. Jina lake ni geni, lakini vilivyomo si vigeni jikoni mwetu. Pilipili asili yake ni bara la Amerika, na watu wa Meksiko waliilima maelfu ya miaka kabla haijafika pwani yetu. Ukwaju nao, ambao asili yake ni Afrika, leo hupendwa mno huko kwao. Sukari yao ya miwa isiyosafishwa, iitwayo piloncillo, ni ndugu wa sukari guru yetu.

Lipo jambo la kutahadhari. Baadhi ya mapishi ya aina hii huagiza bia au tequila, na wapo wanaodai kuwa moto huondoa pombe yote. Sivyo, sehemu yake hubakia chakulani. Kwa hiyo, anunuaye rojo la chupa na asome kwanza vilivyomo. Lililo salama zaidi ni kulipika nyumbani, kwani ukwaju na ndimu vyatosha kuleta uchachu.

Kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe au kuku, loweka ukwaju na kuukamua upate nusu kikombe cha maji mazito. Kausha pilipili kavu 2 katika kikaango kisicho na mafuta kwa nusu dakika, ondoa mbegu, kisha zisage pamoja na nyanya 1, punje 3 za kitunguu saumu na kijiko kidogo cha bizari nyembamba. Tia ukwaju, vijiko vikubwa 3 vya sukari guru na chumvi kiasi. Chemsha kwa moto mdogo hadi rojo linate kwenye mwiko, uepue na kukamulia ndimu.

Hapa ndipo pahitajipo subira. Sukari huungua upesi kuliko nyama. Rojo likipakwa mapema, nje huwa jeusi na chungu ilhali ndani hakujaiva. Basi choma kwanza nyama iliyotiwa chumvi tu. Ikikaribia kuiva, sogeza makaa pembeni, uipake kidogo kidogo katika dakika 5 za mwisho huku ukiigeuza. Rojo la mezani litengwe mapema, lisiguswe na brashi ya nyama.

Andalieni kachumbari na chapati, muwakaribishe na majirani.