MSHAHARA UMETUMWA, LAKINI HAUKUFIKA MANIBE



Mfanyakazi akienda ofisini kuuliza habari ya mshahara wake ambao haujafika kwenye simu, mara nyingi hupewa jibu moja: "Sisi tumekwisha tuma. Mashine inaonyesha umekwenda." Akienda kwa wakala wa simu anaambiwa hakuna kitu. Akirudi ofisini anaambiwa asubiri. Hivyo mtu aliyekata miwa mwezi mzima anazungushwa baina ya milango miwili, na kila mlango unasema kosa liko kwenye mlango wa pili.

Makala haya yanaeleza njia ambayo malipo hupita, mahali yanapokwama, na maswali ya kuuliza. Mfanyakazi asiyeijua njia hiyo hawezi kuonyesha kosa liko wapi, na asiyeweza kuonyesha kosa ndiye hubebeshwa hasara.

SAFARI NDEFU YA SHILINGI

Watu wa West Nile wanajua vizuri maana ya mshahara kusafiri. Tangu zama za ukoloni vijana wa huku walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. Fedha zilirudi nyumbani kwa mkono wa ndugu aliyepata likizo, au kwa hundi ya posta. Mwezi Machi 2009 kampuni ya MTN ilianzisha huduma ya kutuma fedha kwa simu nchini Uganda, na njia ile ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Mama aliyeko Manibe, kaskazini ya Arua, anaweza kupokea fedha za mwanawe kabla chai haijapoa.

Lakini wepesi huo usitudanganye. Malipo ya kiwanda au shamba hayaendi moja kwa moja kutoka kwa karani mpaka kwenye simu yako. Kwanza karani wa mishahara huandika orodha ya majina, namba na fedha katika kompyuta. Orodha inapelekwa benki. Kutoka benki inapita katika programu ya kuunganisha mitambo, ndipo ifike kwa kampuni ya simu, ambayo huandika fedha katika hesabu yako na kukuletea ujumbe.

Programu hiyo ya katikati ndiyo watu wengi hawaijui. Kazi yake ni kama ya karani wa posta anayepanga barua. Kompyuta ya mwajiri, ya benki na ya kampuni ya simu kila moja ina lugha yake. Programu hupokea ujumbe, huutafsiri, husoma anwani, kisha huamua uende njia ipi. Moja ya programu za namna hii, inayotumika duniani pote bila malipo, ilitolewa mwaka 2007 na inaitwa Apache Camel, yaani ngamia. Ngamia huyu hubeba mzigo wowote, lakini huenda pale tu alipoelekezwa. Akielekezwa vibaya, atafikisha mzigo mahali pabaya bila kulalamika.

MAKOSA MATANO YANAYOTOKEA

La kwanza ni namba iliyoandikwa vibaya. Namba ya simu ya Uganda ina tarakimu 10 ikianza na 0, au tarakimu 12 ikianza na 256. Karani akiandika orodha katika jedwali la kompyuta, mara nyingi jedwali huiona namba kama hesabu ya kawaida na kuifuta sifuri ya mwanzo. Zinabaki tarakimu 9. Mtambo mmoja utazielewa, mwingine utazikataa. Karani haoni kosa kwa sababu orodha yake inapendeza machoni.

La pili ni njia isiyorekebishwa. Programu husoma tarakimu za mwanzo ili ijue kampuni: 076, 077 na 078 ni MTN, 070, 074 na 075 ni Airtel. Lakini mambo hubadilika. Namba za 070 zilikuwa za Warid mpaka kampuni hiyo iliponunuliwa na Airtel mwaka 2013. Namba za 079 zilikuwa za Orange, zikawa za Africell mwaka 2014, na Africell ilifunga kazi Uganda mwezi Oktoba 2021. Kama orodha ya mishahara bado ina namba ya zamani ya Africell, malipo hayo yanapelekwa kwenye nyumba iliyobomolewa.

Sisi tulio karibu na mpaka tunao mfano mwingine. Simu za kampuni ya Gemtel ya Juba zilikuwa zikipigwa kwa namba ya Uganda, 256, ikifuatwa na 477. Baada ya uhuru wa Julai 2011 Sudan Kusini ilipata namba yake ya nchi, 211. Mji haukuhama, wala watu hawakuhama, lakini anwani ilibadilika. Aliyeendelea kutumia anwani ya zamani hakumpata mwenziwe.

La tatu ni mwenye namba kubadilika. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Namba ni sahihi, njia ni sahihi, mtambo unasema "imefika", na kweli imefika, lakini kwa mtu mwingine kabisa. Kosa hili ni baya kuliko yote kwa sababu hakuna taa nyekundu inayowaka. Dawa yake ni kulinganisha jina na namba kabla ya kutuma.

La nne ni jibu kupotea njiani. Benki inatuma ujumbe, kampuni ya simu inaupokea, lakini jibu la kusema "nimepokea" linakatika. Benki haijui kama malipo yamefanyika. Ikituma tena bila kuangalia namba ya kumbukumbu, mfanyakazi hulipwa mara mbili, na mwezi unaofuata hukatwa kwa nguvu fedha ambazo labda amekwisha zilipia karo. Kila malipo yakiwa na namba yake ya kumbukumbu isiyorudiwa, mtambo unaopokea utaitambua mara ya pili na kuikataa.

La tano ni kapu la ujumbe uliokwama. Mwaka 2003 mafundi wawili, Gregor Hohpe na Bobby Woolf, walichapisha kitabu chenye mbinu 65 za kuunganisha mitambo. Mbinu moja inasema hivi: ujumbe usioweza kufikishwa usitupwe, uwekwe katika kapu lake pamoja na sababu ya kukwama. Mbinu hiyo ni nzuri. Lakini kapu halijifungui lenyewe. Lazima awepo mtu wa kulifungua kila siku, asome sababu, asahihishe anwani, atume tena. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, mishahara hulala humo wiki nzima huku ofisi ikisema "tumetuma".

FEDHA NI MOJA, UJUMBE NI MWINGINE

Tutofautishe mambo mawili. Fedha huandikwa katika hesabu yako kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Ujumbe mfupi wa kukuarifu ni kitu kingine. Simu ikiwa imezimwa, au mtandao umekatika, au laini imeshika mnara wa upande wa Kongo, ujumbe unaweza kuchelewa au hata kupotea, ilhali fedha ziko salama. Kwa hiyo kabla ya kwenda ofisini, angalia salio lako mwenyewe: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Wala usiamini ujumbe peke yake kwamba fedha zimeingia, kwa maana matapeli nao wanajua kuandika. Amini salio.

FUATA NJIA, HATUA KWA HATUA

Kama salio halina kitu, usiulize "mshahara wangu uko wapi?" Swali hilo ni rahisi kukwepwa. Uliza hivi, moja baada ya jingine:

1. Malipo yangu yalitoka hapa siku gani, saa ngapi, na namba yake ya kumbukumbu ni ipi?
2. Yalitumwa kwenye namba gani ya simu? Nisomee tarakimu zote, nami nizihesabu.
3. Benki ilijibu nini: imepokea, au imekataa? Kama imekataa, kwa sababu gani?
4. Kampuni ya simu ilijibu nini kwa namba hiyo hiyo ya kumbukumbu, na jina lililotokea ni la nani?

Mahali jibu linapokosekana, hapo ndipo penye kosa. Andika majibu hayo katika daftari pamoja na tarehe. Kama wenzako kumi wamekosa mshahara siku moja, linganisheni namba zenu. Wote wakiwa wa kampuni moja ya simu, shida iko kwenye njia ya kampuni hiyo. Wakiwa wa kampuni mbalimbali lakini wa idara moja, shida iko kwenye orodha ya karani. Akiwa mmoja peke yake, angalieni namba yake kwanza. Hivyo ndivyo mafundi wenyewe hutafuta kosa, na haihitaji digrii.

AKIBA YA UZEENI NAYO HUSAFIRI

Mshahara ukipotea utaujua siku hiyo hiyo. Lakini mchango wa NSSF ukipotea utaujua siku ya uzee. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri analazimika kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 10,000 zako na 20,000 za mwajiri. Namba yako ya uanachama ikikosewa tarakimu moja, shilingi 30,000 haziingii kwako kila mwezi. Kwa miaka miwili ni shilingi 720,000. Omba taarifa ya hesabu yako angalau mara moja kwa mwaka, uilinganishe na hati zako za mshahara.

HAKI ZETU

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupata, pamoja na kila malipo, hati ya mshahara iliyoandikwa kwa lugha anayoweza kuielewa, ikionyesha alicholipwa na alichokatwa. Mwajiri akikataa kusahihisha malipo, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya. Daftari lako lenye tarehe na namba za kumbukumbu ndilo shahidi wako.

Lakini mtu mmoja mmoja kuhangaika na namba yake hakutoshi. Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, wawakilishi wa matawi wadai mambo matatu: namba ya kumbukumbu iandikwe kwenye kila hati ya mshahara; majina na namba vihakikishwe kabla ya siku ya malipo; na kila malipo yaliyokwama yasahihishwe katika muda uliotajwa, gharama zikiwa za mwajiri.

Mashine hufuata tu anwani iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo anao wajibu wa kujibu. Basi katika mkutano ujao wa tawi, mwakilishi wenu amwulize meneja swali moja: kapu la malipo yaliyokwama hufunguliwa na nani, na saa ngapi? Kama hakuna jina la mtu, anzeni mazungumzo yenu hapo.