Petroli Huoza: Tuitunze Mashine ya Kufyekea Majani

Wazee wetu walisema, "Akiba haiozi." Ni kweli kwa fedha, tena ni kweli kwa nafaka iliyokaushwa vyema. Lakini iko akiba moja inayooza upesi, nayo ni petroli iliyosahauliwa ndani ya mashine.

Wasomaji wapenzi, vijana wetu wengi waliotoka vijijini kutafuta riziki Dar es Salaam wanakaa pembezoni mwa jiji: Bunju na Boko upande wa Kinondoni, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke. Huko viwanja vingi bado vina majani, na mvua za masika, tangu Machi mpaka Mei, huyakuza yakafika kiunoni. Hapo ndipo kijana mwenye mashine ya kufyekea, ile ya kubeba begani, hupata kazi. Kisha kiangazi huingia, majani hukauka, na mashine huwekwa kando mpaka mvua za vuli, yapata mwezi wa Oktoba.

Tumfikirie kijana mmoja wa namna hiyo, aliyenunua mashine kwa mkopo. Mwezi wa sita aliiegemeza ukutani, tenki likiwa na petroli nusu. Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, akaitwa kufyeka uwanja wa shule. Akavuta kamba mara kumi, mara ishirini, mashine kimya. Akaibeba mpaka kwa fundi.

"Shikamoo, fundi. Mashine yangu imegoma."

"Marahaba, mwanangu. Hujaiwasha tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Na petroli uliimwaga?"

Kijana akainamisha kichwa. Kazi ya shule akapewa mwingine, na siku ya kulipa mkopo haikungoja.

Kulikoni? Petroli si maji. Ikikaa mwezi mmoja au zaidi, sehemu yake nyepesi hupaa hewani, na inayobaki huanza kunata kama ulimbo wa kutegea ndege. Ndani ya kabureta mna vitundu vyembamba sana, na ulimbo huo huviziba. Basi mashine ile haikuharibiwa na kazi; iliharibiwa na kukaa bure.

Mashine ya kukatia nyasi aliyoibuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830 ilisukumwa kwa mikono tu. Ya leo ina injini, na injini yataka matunzo kabla ya kulazwa. Yafaa kufanya hivi masika yanapokwisha:

Kwanza, nunua petroli ya kutosha kazi iliyopo, usilimbikize. Siku ya mwisho, mwaga iliyobaki kwenye dumu lake. Kisha iwashe mashine uani, wala si chumbani, iungurume mpaka izimike yenyewe. Ndiyo kusema kabureta imekauka. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu ndani ya nyumba.

Pili, iache ipoe. Fungua plagi, tia ndani ya silinda kijiko kimoja cha chai cha oili safi, uvute kamba polepole mara mbili tatu, kisha urudishe plagi. Oili hiyo huzuia kutu, nasi watu wa pwani twajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma.

Tatu, safisha chujio la hewa. Likiwa la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa. Likiwa la karatasi, usilioshe, likung'ute tu. Futa majani yote yaliyonasa, upake kisu oili.

Nne, itundike pakavu, mbali na jiko na moto. Usiifunge kwa nailoni kama maiti, maana hutoa jasho ndani na kushika kutu. Gunia kavu latosha.

Tena, mama na baba, sikieni sana neno hili: petroli isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Akiisha kuinywa, msimtapishe, maana inaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali mara moja.

Vuli ikifika, anza na petroli mpya. Mashine nyingi za begani hutaka petroli iliyochanganywa na oili yake, na kipimo kimeandikwa katika kitabu cha mashine. Kikiwa 50 kwa 1, lita moja ya petroli hutaka mililita 20 za oili. Kikiwa 25 kwa 1, hutaka mililita 40. Atakayetia petroli tupu ataiua injini kwa muda mfupi. Kaza nati, vaa viatu vigumu na miwani, na watoto wakae mbali, hatua zisizopungua ishirini, maana jiwe dogo likirushwa na kisu laweza kupofusha jicho.

Maneno haya hayawahusu vijana wa mjini peke yao. Pampu ya bustani, jenereta na msumeno wa mnyororo huko kijijini vyote huumwa ugonjwa huu huu. Tena viko vigango na shule zenye mashine ya shirika, na chombo cha wote mara nyingi hakina mlezi. Mchagueni mtu mmoja, mpeni daftari, aandike siku ilipolazwa na siku ilipoamshwa. Hapo, itakapokaribia Novemba 2, tunapowakumbuka marehemu wetu, mtavuta kamba mara moja au mbili, na makaburi ya wazee yatafyekwa kwa wakati.