Ifakara Baada ya Pantoni: Mji Huota Pale Abiria Anaposhuka (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliachana ukingoni mwa mto Kilombero, Mei 2018, siku daraja la mita 384 lilipofunguliwa na pantoni ikapumzishwa. Nilieleza mema ya daraja lile na sitayarudia. Anayekumbuka Januari 2016, dhoruba ilipokizamisha kivuko, hahitaji kushawishiwa. Wala hahitaji kushawishiwa anayemkumbuka mzazi aliyeletwa usiku kutoka upande wa Lupiro, uchungu umemshika, akalazwa kwenye mkeka ng'ambo ya mto mpaka kuche avushwe kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo siku ya kukata utepe halitajwi. Pantoni ilikuwa ikiwasimamisha watu. Gari lilifika, likaingia foleni, abiria wakashuka kunyoosha miguu, na katika kunyoosha miguu wakanunua kambale wa kukaushwa, mihogo ya kukaanga, chai na maandazi. Dereva alikula wali kwa mamalishe aliyemjua kwa jina. Kijana mwenye baiskeli alipata mzigo wa kupeleka sokoni. Kusubiri kule kulikuwa adha kweli, lakini adha hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wa wale waliouza pale. Daraja lilipofunguka, basi likaanza kupita bila kupunguza mwendo, na vibanda vikabaki vikiangalia vumbi la magurudumu.

Sisemi pantoni irudi. Ninachosema ni kwamba tunapohesabu faida za barabara tunahesabu kilomita na dakika zilizookolewa, na hatuhesabu vituo. Mtaa haulishwi na gari linalopita. Unalishwa na gari linalosimama, mlango ukafunguka, mtu akashuka akiwa na njaa, na kiu, na shida ya kununua sabuni.

Ukitaka ushahidi, nenda Kidatu. Pale reli mbili zinakutana na hazipatani: TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, na tawi la reli ya zamani linaloteremka kutoka Kilosa lina milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67, upana wa vidole vinne vya mkono, inatosha kulazimisha mzigo ushushwe huku upakiwe kule. Mhandisi anaiona kasoro, na ni kasoro. Lakini mwenye nyumba ya kulala wageni na mbeba mizigo wamekula kwa kasoro hiyo.

Ifakara yenyewe imekua kwa namna hiyo hiyo, kituo baada ya kituo. Wamisionari wa Kikapuchini na hospitali yao walivuta wagonjwa na ndugu wa wagonjwa. Mwaka 1949 alifika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, na mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ya utafiti wa magonjwa ya tropiki ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watu waliokuja kutibiwa walihitaji pa kulala, pa kupikia, pa kununulia uji wa mgonjwa. Soko likakaa karibu na watu hao, na mitaa ikajipanga kuzunguka soko.

Kisha ikaja reli ya TAZARA. Wachina na Watanzania walioijenga kati ya 1970 na 1975 waliogopa maji ya bonde la Kilombero, na waliogopa kwa haki. Wakaifuata miguu ya milima ya Udzungwa, pakavu, kupitia Mang'ula na kuendelea hadi Mlimba, kabla haijaanza kupanda kwenda Makambako kupitia mahandaki. Stesheni ya Ifakara ikaangukia nje ya mji. Wakati ule hilo halikuonekana tatizo, kwa kuwa palipo na stesheni mji ungefuata. Haukufuata, au ulifuata kwa kusuasua, kwa sababu hospitali, soko na barabara ya kwenda kwenye kivuko vilikuwa upande wa pili. Tangu siku hizo abiria wa treni akishuka Ifakara bado hajafika Ifakara. Treni ikiingia usiku, na mara nyingi inaingia usiku, yuko mikononi mwa mwenye bodaboda, kwa bei itakayotajwa gizani.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu TAZARA wengi huijua kwa sura ya kimataifa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ukombozi wa Kusini mwa Afrika, Mwalimu Nyerere, Kaunda na Mao. Watu wa bonde waliijua kwa jina lingine. Waliiita Kipisi: treni fupi ya abiria iliyokuwa ikisimama kila stesheni kati ya Kidatu na nyanda za juu. Kipisi ilikuwa daladala ya reli. Mwanamke wa Mang'ula alipakia mikungu ya ndizi, wa Mngeta akapakia mchele, na treni iliporudi kutoka Makambako ilileta viazi, nyanya na maharage ya watu wa baridi. Mzigo uliingia na mwenye mzigo, katika behewa lile lile, na nauli ilimruhusu mtu mwenye magunia mawili kujiita mfanyabiashara. Stesheni ndogo ambazo treni ya haraka ilizipita kwa honi tu zikawa magulio. Jamie Monson, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu reli hii mwaka 2009, alitazama mzunguko huo kwa makini na kuonyesha kuwa kando ya reli maisha yalijengwa kwa biashara ndogo ndogo kama hizi.

Reli ikachoka. Ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na katika mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 hivi. Kila injini inapokosekana, treni fupi ndiyo hukaa foleni ya mwisho, na magulio ya stesheni hulala njaa. Basi likachukua nafasi. Lakini basi haliwezi kubeba tenga la ndizi kwa upole ule, na masika njia ya kwenda Mbingu na Mlimba hugeuka tope linalokamata lori hadi ekseli.

Sasa tuje kwenye lami. Mwaka 2024 barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ilizinduliwa pamoja na daraja la mita 133 juu ya Ruaha Mkuu. Tuliisubiri kwa miaka mingi, tukimeza vumbi la Kiberege na kusukuma magari Signali. Leo mgonjwa wa Mang'ula anafika hospitali akiwa bado na nguvu ya kueleza kinachomuuma. Mchele unaondoka bila gunia kupasuka. Tena upo mpango wa kuiendeleza njia hii kupitia Lupiro, Malinyi na Londo hadi Lumecha, karibu na Songea. Ukikamilika, Ifakara itakuwa njia panda kati ya Ruvuma na pwani, na haitakuwa tena mwisho wa safari.

Njia panda ni neno zuri na la hatari. Mtu wa Songea anayekwenda Dar es Salaam atapita Ifakara saa ngapi, na atashukia wapi? Akipita usingizini tumepata kelele za magari tu. Ndiyo maana macho yangu yako Kibaoni, pale barabara ya Mlimba inapokutana na ya Kidatu. Kila mji una mahali kama pale, ambapo bodaboda, wauza matunda, mafundi pancha na wapiga debe hujikusanya bila kuambiwa na mtu. Na kila lami inapofika mahali kama pale, sheria nayo hufika: Sheria ya Barabara ya 2007 inataka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Kibanda kilichoanzisha biashara ya pale ndicho cha kwanza kuchorwa X nyekundu. Sheria ina sababu zake za usalama, nami siipingi. Napinga desturi ya kuondoa kibanda bila kuwa na eneo la kituo lililopimwa, lenye paa, choo, maji na taa, hatua chache kutoka hapo. Mama anayehamishwa kilomita 2 kutoka kwa abiria wake ameachishwa kazi.

Tujifunze kutoka mbali kidogo. Cleveland, katika jimbo la Ohio huko Marekani, ulikuwa na watu zaidi ya 900,000 mwaka 1950. Viwanda vikafungwa, wenye uwezo wakahamia pembezoni kwa magari yao, na leo waliobaki ni chini ya 400,000. Mtaa wa Euclid, uliokuwa mtaa wa matajiri, ulijaa majengo matupu. Oktoba 2008 walifungua njia ya mabasi yaendayo haraka katika mtaa huo, kilomita 11 hivi, ikigharimu dola zipatazo milioni 200. Sisemi tuige gharama hizo. Kinachonivutia ni namna walivyochagua njia: waliunganisha katikati ya mji na hospitali zake mbili kubwa, kwa sababu hospitali ilikuwa mwajiri ambaye hahami. Hospitali hizo zikalipa fedha ili njia ibebe jina la afya. Muuguzi wa zamu ya usiku, mfagiaji, mgonjwa, mwanafunzi, wote wakapanda chombo kimoja kinachofanya kazi saa 24, na vituo vyake vikavuta nyumba na maduka mapya pembeni.

Ifakara nayo ina mwajiri ambaye hahami. Ina hospitali ya rufaa, ina taasisi ya utafiti, ina vyuo vya afya, na wote hao wanahitaji usafiri wa uhakika saa ambazo mji umelala. Hatuhitaji basi la dola milioni. Bajaji tunazo. Kinachokosekana ni njia inayojulikana, ratiba, na nauli iliyobandikwa ukutani: stesheni ya TAZARA, Kibaoni, stendi, soko, hospitali, kisha kurudi. Halmashauri ya Mji, LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na chama cha waendesha bajaji wanaweza kukaa meza moja na kulimaliza jambo hili. Treni ikichelewa kwa saa 5, kuna simu. Bajaji tatu za zamu zingemwokoa mama mwenye mtoto mgonjwa asisimame peke yake kwenye jukwaa la stesheni.

Na kuna baiskeli. Mgeni akifika kwetu huliona hili kabla ya jambo lingine lolote. Bonde ni tambarare kama sinia, na baiskeli ndiyo miguu ya mji. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, anapita na kuni nyuma na mtoto mgongoni. Mwanafunzi amempakia mwenzake. Fundi amebeba mlango mzima. Kwenye vumbi, lori lilikuwa likienda polepole na baiskeli ilikuwa salama. Kwenye lami lori linakimbia. Nasema kwa uchungu kwa kuwa nimeshiriki mazishi ya mtu aliyegongwa akitoka shambani jioni, baiskeli yake haina taa, na bega la barabara limeliwa na maji. Katika mji huu, barabara ya mtaani iliyochorwa bila njia ya baiskeli imechorwa kwa ajili ya watu wa mji mwingine. Sehemu nyingi hatuhitaji zaidi ya mita moja na nusu ya udongo ulioshindiliwa, pembeni mwa mtaro.

Mtaro nao usisahaulike. Mto Lumemo ukifurika huingia mitaani, na tuta la barabara likikosa makalavati ya kutosha huwa bwawa: upande mmoja pakavu, upande mwingine watu wanalala juu ya meza. Kuna mtaa wetu unaitwa Viwanja Sitini. Jina lenyewe linatukumbusha kwamba kupima ardhi na kuacha njia ya maji na ya watu kabla nyumba hazijasimama ni kazi ambayo mji huu uliwahi kuithamini. Leo, kando ya lami mpya, shamba la mpunga linauzwa kwa vipande asubuhi na msingi unachimbwa jioni. Mpimaji akifika baadaye, atapima ugomvi.

Nirudi kwenye reli kabla nafasi haijaniishia. Septemba 2024, Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walitia saini makubaliano ya kuihuisha TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4. Mvuto mkubwa wa fedha hizo ni shaba ya Zambia na Kongo, na shaba haishuki Ifakara. Haili ndizi wala hailali gesti. Wabunge wetu wa Kilombero na Mlimba, madiwani, na sisi tunaoandika tunapaswa kuuliza mapema, tena kwa maandishi: katika ratiba mpya, Kipisi ina nafasi saa ngapi, ina mabehewa mangapi ya mizigo ya wachuuzi, na itasimama stesheni zipi?

Juma lijalo nitawapeleka kwenye stesheni hizo moja moja, kuanzia Mang'ula, ambako karakana kubwa ya Wachina iliwahi kuajiri vijana wa bonde zima, hadi Mlimba. Msomaji aliyewahi kuuza kitu dirishani mwa Kipisi aniandikie kupitia mhariri, ataje aliuza nini, stesheni gani, na alipeleka wapi fedha yake.