Usonji: Usingoje Karatasi ya Daktari
Mtoto amefika miaka miwili, haitiki jina lake, hakuangalii usoni, haonyeshi kitu kwa kidole. Huku kwetu Kilifi na Malindi wengine husema ni laana au pepo. Sivyo. Huenda ni usonji, yaani namna ubongo wake ulivyokua. Usonji hauonekani kwa kupima damu. Mtaalamu humtazama mtoto na kumuuliza mama maswali. Mpeleke kliniki, apimwe na masikio pia. Wataalamu ni wachache, jibu laweza kuchelewa. Usingoje karatasi: kaa naye chini, fuata mchezo wake, sema maneno mafupi, mwonyeshe unachokitaja. Usimfungie ndani. Wala si kosa lako, mama.